MACKAY, "MZUNGU WA KAZI": FUNDI ALIYEUNGA INJINI KANDO YA ZIWA VICTORIA

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo. Naomba niwaletee habari za fundi mmoja aliyekufa zamani sana, ila kwanza niseme kilichonipeleka kwake.

Nyumbani kwetu Keko Machungwa nina kichumba cha uani, hicho ndicho karakana yangu. Keko mnaijua wenyewe, huku randa, kule msumeno, makochi na makabati mpaka barabarani. Mimi kochi siwezi. Miezi kadhaa nimekuwa nahangaika na kijiinjini cha mvuke, kidogo cha kukaa juu ya meza. Silinda ni kipande cha bomba la shaba, pistoni alinikerezea mzee mmoja mwenye mashine, na gurudumu zito nimelitoa kwenye cherehani kibovu. Siku nilipowasha moto, maji yakapungua kwenye boila bila mimi kujua, risasi niliyolehemia ikayeyuka, mvuke ukanitoa mbio chumbani. Hakuumia mtu, lakini majirani walicheka wiki nzima. Nikatupa kila kitu kwenye boksi nikasema basi.

Ndipo nikaanza kusoma habari za watu waliounga injini bila kuwa na kiwanda. Nilijua nitaishia Ulaya tu. Kumbe mmoja aliifanya kazi hiyo hapahapa kwetu, mwaka 1878, pale Kageye, mkoani Mwanza. Jina lake Alexander Mackay.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 kijiji cha Rhynie, Uskochi. Baba yake alikuwa mchungaji, na ndiye aliyemfundisha nyumbani mpaka alipokuwa kijana. Mzee alitaka mwanawe aje kuwa mchungaji kama yeye, lakini dogo akili yote ilikuwa kwenye vyuma. Alikuwa anatembea kwa miguu mpaka stesheni ya Gartly, kilometa sita na ushee kwenda tu, ili aione injini ya treni. Treni yenyewe ilisimama hapo kama dakika mbili na nusu! Akishaiangalia, anageuza kurudi. Sisi tunaosimama dirishani kwenye karakana za watu kuchungulia mashine tunamwelewa.

Baadaye alisoma Edinburgh, ualimu kwanza halafu uhandisi, na wakati huohuo alikuwa anakwenda kiwandani Leith kushika tupa na nyundo. Mwaka 1873 akaenda Berlin, akapata kazi kwenye kiwanda cha mashine. Maisha yalikuwa yamekaa sawa. Mwaka 1875 magazeti ya Uingereza yakatoa barua ya Stanley aliyekuwa Buganda, akiomba wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa, na hasa watu wanaojua kazi za mikono. Mackay akaandika kuomba nafasi kwa chama cha misheni cha CMS. Alikuwa na miaka 26.

Alifika Zanzibar mwaka 1876. Walikuja na boti ya mvuke inaitwa Daisy, wakijaribu kuingia nayo bara kwa mto Wami, wakashindwa, wakajaribu Ruvu, nako wakashindwa. Hebu fikiria sasa. Ziwa liko zaidi ya kilometa elfu moja, reli hakuna, barabara hakuna. Wakaikata boti vipande, na injini nayo ikafunguliwa, vyote vikapanda vichwani na mabegani mwa wapagazi. Mpagazi mmoja alikuwa anabeba kama kilo 30. Kwa hiyo silinda kwa huyu, bomba kwa yule, mabati ya boila kwa wengine, na kila mmoja anafika kwa siku yake.

Mackay mwenyewe aliugua njiani, akarudishwa pwani. Hakukaa bure. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa njia ya mikokoteni kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, karibu kilometa 370. Wakati yuko huko habari mbaya zikawa zinakuja. Wenzake wengine walikufa kwa homa, wengine walirudi kwao wagonjwa. Desemba 1877 wawili wakauawa Ukerewe katika ugomvi kati ya mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro.

Alipofika Kageye Juni 1878 alikuta nini? Rundo. Vyuma vya injini vimelala pamoja na vitabu na karatasi, kutu imekula, hiki huku, kile kule, na waliovileta wamekufa au wameondoka. Mimi hapa ndipo niliposimama kusoma nikakaa kimya, maana nina boksi kama hilo chini ya kitanda.

Jamaa hakulalamika. Alichambua rundo, akasafisha kipande kimoja kimoja, akakipeleka kinapohusika. Akafanya kazi siku kumi, tangu alfajiri mpaka giza. Mwisho injini ilikuwa imesimama imekamilika mpaka skrubu ya mwisho, na boila linasubiri kupigwa ribiti tu.

Kwa wasiojua ribiti: ni msumari mnene wa chuma. Unaupasha moto mpaka uwe mwekundu, unaupitisha kwenye matundu ya mabati mawili, unaugonga kichwa upande wa pili. Ukipoa unajikunja, unayabana mabati yasivuje. Hakuna risasi ya kuyeyuka hapo. Ndiyo maana boila lao lilivumilia moto na langu halikuvumilia. Nilikuwa nimelehemu kwa risasi laini, inayoyeyuka kwenye nyuzi mia moja na themanini na kitu. Maji yakiwepo inasalimika, yakikauka imekwisha.

Turudi kwa Mackay. Mwaka huohuo alikwenda Ukerewe kuongea na Lukonge, hakubeba silaha. Baadaye akapanda Daisy kwenda Buganda, kwa matanga, dhoruba ikaivunja. Akakata sehemu ya katikati ya boti, mbao zake akazitumia kuziba mbele na nyuma, akaunganisha ncha mbili. Boti ikawa fupi lakini inaelea. Ilimchukua kama wiki nane. Novemba 1878 akafika kwa Mutesa.

Huko aliishi Natete, jirani na mji mkuu wa Kabaka. Nyumba yake ilikuwa karakana: tanuru, vaisi, mashine ya kukereza. Alichimba kisima akafunga pampu, watu wakaja kushangaa maji yanapanda juu. Alichonga herufi za mbao ili achape maandishi ya Kiganda. Mama yake Kabaka alipofariki mwaka 1882, ni yeye aliyetengeneza jeneza. Watu wakampa jina: Mzungu wa Kazi. Jina hilo hukuti likipewa mtu anayekaa ofisini.

Lakini tusimfanye malaika. Mackay alikuja kubadilisha dini za watu, na miaka ya mwisho aliandika barua akitaka serikali ya Uingereza iingilie mambo ya Buganda. Mwaka 1894 Uganda ikawa chini ya Waingereza. Fundi mzuri anaweza kumfungulia mlango mtu mwingine kabisa, tulijue hilo.

Mutesa alifariki mwaka 1884, akaingia Mwanga. Mambo yakawa magumu, Wakristo wengi Waganda wakauawa, na Julai 1887 Mackay akafukuzwa. Akavuka ziwa kurudi upande wetu, akajenga karakana mpya Usambiro, kusini mwa ziwa. Na unajua alianza kufanya nini? Boti ya mvuke, tena! Stanley alipopita hapo mwaka 1889 na msafara wake, alikuta karakana imejaa mashine na zana, magogo ya mbao ngumu yanapasuliwa, na wahunzi wanatengeneza boila. Stanley akamtaka waondoke wote kwenda pwani. Mackay alikuwa ametimiza zaidi ya miaka 13 bila kwenda kwao hata mara moja. Akakataa, hakukuwa na wa kumwachia kazi.

Februari 1890 malaria ikammaliza. Miaka 40 tu. Boti alikuwa hajaimaliza. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala.

Sasa nirudi kwenye lile jambo la wahunzi. Stanley aliwaona kwa macho yake, wamelishika boila, akaandika wahunzi tu, basi. Majina hakuna. Na wale wapagazi waliofikisha kila skrubu Kageye, nao hakuna. Mackay aliweza kuunga injini siku kumi kwa sababu kuna watu walitembea miezi na vipande vyake bila kuvitupa porini. Hao ni babu zetu, Wanyamwezi na watu wa pwani. Historia ya injini Tanganyika imeanzia mabegani mwao.

Nimelitoa lile boksi chini ya kitanda. Injini nimeijaribu kwanza kwa upepo wa pampu ya baiskeli, na hili nawashauri nyie mnaoanza: jaribu kwa upepo kabla ya moto, injini ikigoma hutaungua. Imezunguka! Boila jipya nimelipeleka kwa fundi wa majokofu analehemu kwa fedha, mchanganyiko unaohimili moto mkali, na nimeweka valvu ya kupunguza presha. Kwenye kibao cha chini nimegonga kwa msumari majina ya watu wanne: mzee wa kukereza, fundi wa majokofu, aliyenipa cherehani, na mdogo wangu aliyeshika taa. Langu nimeliweka la mwisho.

Wenye ndugu Magu, Ukerewe au Geita, kama kuna mzee anasimulia babu yake alifua chuma Usambiro au alibeba mzigo wa Daisy, tuandikieni hapo chini. Na wewe mwenye boksi lako chini ya kitanda, litoe.

Nawasilisha.