Henry Royce alianza na gari la mtumba

Gari langu lina umri mkubwa kuliko ule wa kijana aliyekuwa amelala chini yake Jumamosi moja hapa Matasia. Ni gari la kifahari la Kijerumani, lililoundwa mwanzoni mwa miaka ya themanini kwa ajili ya mabwana wakubwa, likapita mikononi mwa wenyewe watatu kabla ya kunifikia mimi, mwalimu mstaafu, likiwa na rangi iliyochujuka na rejeta inayovuja. Gereji ninakolipeleka iko kando ya barabara itokayo Ngong kwenda Kiserian, na paa lake ni mgunga mmoja. Siku hiyo bwana mmoja aliyekuwa akisubiri gari lake alimtazama kijana yule, mwanagenzi wa fundi wangu, akasema kwa dharau kwamba magari ya namna hii huundwa na wasomi wa vyuo vikuu, na kwamba ni kosa kumwachia mtoto aliyeshindwa kumaliza shule ayaguse. Kijana hakujibu. Mimi nami, kwa aibu yangu, sikujibu. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kulitoa pale pale.

Jina la Rolls-Royce lajulikana hata na watoto ambao hawajapata kuliona gari lenyewe. Wakaao Dar es Salaam wanaweza kulitazama moja katika Makumbusho ya Taifa, lile lililotumiwa na serikali ya Waingereza kisha likamhudumia Mwalimu Nyerere. Lakini ukiuliza Royce alikuwa nani, wengi watakujibu kwamba bila shaka alikuwa lodi. La hasha. Mwana wa lodi alikuwa mwenzake, Charles Rolls. Royce alikuwa mwana wa msaga nafaka aliyefilisika.

Frederick Henry Royce alizaliwa tarehe 27 Machi 1863 katika kijiji cha Alwalton, karibu na mji wa Peterborough, Uingereza. Baba yake aliendesha kinu cha kusagia unga; kazi ikamshinda, akahamia London na jamaa yake, na mwaka 1872 akafariki, Henry akiwa na miaka 9. Mtoto huyo aliuza magazeti, kisha akawa mpeleka telegramu. Masomo yake ya darasani yalikuwa ya kudonoadonoa, maana tumbo halingoji kengele ya shule.

Alipokaribia umri wa miaka 15, shangazi yake alijitolea kulipa pauni 20 kwa mwaka ili apokewe kuwa mwanagenzi katika karakana ya reli ya Great Northern mjini Peterborough. Huko ndiko alikojifunza kushika patasi na tupa. Hata hivyo, baada ya miaka mitatu fedha za shangazi zilikwisha, na kijana akatoka kabla ya kuhitimu. Naomba msomaji atue hapa kidogo. Mtu ambaye jina lake limekuwa kipimo cha ubora wa kazi ya mikono duniani aliacha uanagenzi kwa kukosa ada.

Alihangaika. Alipata kibarua katika kiwanda cha zana mjini Leeds, akarudi London katika kampuni ya umeme, akawa akisoma jioni baada ya kazi. Mwaka 1884, akiwa na akiba ya pauni 20, aliungana na rafiki yake Ernest Claremont aliyekuwa na pauni 50, wakafungua karakana ndogo katika mtaa wa Cooke, Manchester. Walitengeneza kengele za umeme na vishikio vya taa, nao wakilala katika chumba kilichokuwa juu ya karakana hiyo hiyo. Baadaye walitengeneza mitambo ya kuzalisha umeme na kreni za kuinulia mizigo, na hali zao zikanyooka.

Kufikia mwaka 1902 Royce alikuwa amechoka hata afya ikamwendea kombo. Jamaa zake walimsihi apumzike, akasafiri hadi Afrika Kusini kwa watu wa mkewe. Aliporejea akanunua gari la mtumba la Kifaransa, aina ya Decauville.

Halikuwa gari bovu kwa kipimo cha siku zile. Lilikuwa miongoni mwa magari mazuri ambayo mtu angeweza kuyapata. Lakini lilipiga makelele, lilitetemeka, na mfumo wake wa umeme wa kuwashia haukuaminika. Na huyu alikuwa fundi wa umeme, hakuweza kuvumilia jambo kama hilo. Basi akalifungua lote. Kila kipande alikitoa, akakisafisha, akakipima, akakiuliza kama kingeweza kuwa bora zaidi. Royce hakuvumbua gari; wengine walikwisha kulivumbua miaka mingi kabla yake. Alifanya kile ambacho kila mwenye gari kuukuu hulazimika kukifanya: alikifungua kilichoundwa na mwingine, akaona palipokosewa, akaparekebisha. Tofauti yake na sisi ni kwamba hakukoma alipofika mahali ambapo gari lingeweza kutembea.

Gari lake la kwanza lilitoka karakanani tarehe 1 Aprili 1904. Tarehe 4 Mei mwaka huo huo alikutana na Rolls katika hoteli ya Midland, Manchester. Rolls, aliyesoma Cambridge na kuuza magari ya kigeni jijini London, alilijaribu gari lile na akakubali kuuza yote ambayo Royce angeunda. Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1906.

Mwaka 1907 ulifanyika mtihani ambao hunikosesha usingizi. Gari lao, lile lililoitwa Silver Ghost, liliendeshwa usiku na mchana hadi likatimiza maili 15,000, yaani zaidi ya kilomita 24,000. Kisha likafunguliwa lote mbele ya wakaguzi wa chama cha wenye magari cha Uingereza, ili ijulikane ni vipuri gani vimelika. Gharama ya kuvibadilisha, gari lirudie upya wake, ilizidi kidogo tu pauni 2. Siku niliposoma hesabu hiyo nilikuwa nimetoka Barabara ya Kirinyaga kununua pampu ya maji. Nilicheka peke yangu matatuni, abiria mwenzangu akasogea.

Chasisi za aina hiyo hiyo zilikuja kuvishwa mabamba ya chuma zikawa magari ya kivita, na mwaka 1916 baadhi yake yaliletwa huku kwetu kupigana na Wajerumani upande wa Kilimanjaro, mlima ambao asubuhi njema huonekana kutoka Kajiado. Yaliyoundwa yateleze kimyakimya katika barabara za London yalikutana na vumbi na miiba yetu, na yakatembea.

Sitaki msomaji adhani namsifu malaika. Royce alikuwa mkali kwa wafanyakazi wake na mkali zaidi kwa nafsi yake. Alisahau kula, hata kijana akatumwa amfuate karakanani na glasi ya maziwa. Ndoa yake haikustahimili. Rolls alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 12 Julai 1910, na mwaka uliofuata Royce mwenyewe aliugua vibaya, akapasuliwa, watu wakamkatia tamaa. Aliishi miaka zaidi ya 20 mingine, akitunzwa na muuguzi Ethel Aubin, mbali na kiwanda cha Derby. Wahandisi walilazimika kumfuata na michoro yao kusini mwa Ufaransa wakati wa baridi, na West Wittering, Uingereza, wakati wa joto. Kutoka kitandani na bustanini alisimamia injini za ndege pia. Alcock na Brown walivuka Atlantiki mwaka 1919 kwa injini zake. Mwaka 1930 alipewa cheo cha Sir, naye akaendelea kujitambulisha kuwa fundi tu. Alifariki tarehe 22 Aprili 1933, akiwa na miaka 70.

Nirudi nyumbani. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo magari makuukuu ya kifahari tuliyo nayo ni yale yaliyobaki: ya mabalozi, ya mameneja, ya wazee waliotutangulia. Bei yake ya kununulia imeshuka, lakini gari halisahau lilikotoka. Vipuri vyake hudai bei ya ujana wake. Wengi wetu twayanunua kwa ajili ya heshima ya kuonekana ndani yake, kisha tunamkaba fundi kana kwamba yeye ndiye aliyetuzeesha gari. Nami nimo. Jumamosi ile, baada ya bwana yule kusema aliyoyasema, nilipunguziwa mia tano za kazi nikafurahi.

Juma lililofuata nilikwenda gerejini nikiwa na hadithi hii ya Royce kumsimulia kijana. Sikumkuta. Fundi aliniambia kwamba mjomba aliyekuwa akimlipia ada ya kujifunza ameshindwa, na kijana sasa anaendesha bodaboda ya mtu upande wa Kiserian. Nilipouliza ada yenyewe, niligundua kwamba ya mwezi mzima haikufikia bei ya plagi sita nilizokuwa nimeziweka mfukoni.

Nimemwomba fundi amtafute. Ada ya miezi iliyobaki imo katika bahasha, ndani ya dashibodi ya gari lililo pale pale chini ya mgunga, kwa kuwa rejeta bado inavuja.