Mzee Hindenburg na Ufunguo wa Nyumba

Paul von Hindenburg alizaliwa Posen mwaka 1847, mwana wa askari, naye akawa askari. Mwaka 1914 jeshi lake liliwashinda Warusi huko Tannenberg, na sifa zake zikaenea Ujerumani yote. Mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 77, alichaguliwa kuwa Rais wa jamhuri.

Jamhuri hiyo ilikuwa changa. Vyama vilikuwa vingi, na baada ya mwaka 1929 mamilioni ya watu walikosa kazi. Katiba ilimruhusu Rais kutoa amri wakati wa hatari. Toka mwaka 1930 amri hizo zikawa desturi, na watu wakazoea kutawaliwa kwa saini ya mtu mmoja.

Mwaka 1932 Hindenburg alimshinda Adolf Hitler katika uchaguzi. Lakini Franz von Papen na wenziwe walimshawishi kwamba Hitler akipewa uwaziri mkuu, wao wataweza kumwongoza. Basi tarehe 30 Januari 1933 mzee akamteua. Mwezi uliofuata jengo la Bunge liliungua. Kesho yake akatia saini amri iliyoondoa uhuru wa kusema, kuandika na kukutana. Mwezi wa Machi akatia saini sheria iliyoipa serikali ya Hitler uwezo wa kutunga sheria bila Bunge.

Hindenburg alikufa tarehe 2 Agosti 1934. Hitler akavitwaa vyeo vyote viwili.

Wenzangu, mlango wa nyumba ile haukuvunjwa. Aliyekabidhiwa ufunguo ndiye aliyeutoa.