Daktari Albert Cook wa Mengo

Daktari Albert Cook, ambaye nataka kuwaeleza habari zake, alizaliwa London mwaka 1870. Alifika Mengo, Buganda, mwaka 1897 baada ya kutembea miezi mitatu hivi kutoka pwani, akaanzisha hospitali. Mwaka 1902 radi iliiteketeza, akajenga nyingine. Kila mgonjwa alimwandikia habari za ugonjwa wake daftarini, na madaftari hayo yamehifadhiwa mpaka leo.

Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa hangoji safari ndefu ya machela. Hilo sisi wa Makere twalijua sana. Basi Cook na mkewe Katharine, aliyekuwa mwuguzi, wakawafundisha wasichana wa Uganda ukunga ili wakazalishe mashambani, wakawatungia na kitabu kwa Kiganda. Bibi Katharine alifariki mwaka 1938, naye Cook mwaka 1951, huko huko Kampala.