Wangila: Msee Aliyeletea Kenya Dhahabu ya Ngumi
Uko Lodwar ama Kakuma na unadhani dhahabu za Kenya kwa Olimpiki ni za mbio tu? Cheki hii. 1988 kule Seoul, Robert Wangila, kijana wa miaka 21, alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili kwa fainali ya uzani wa welter. Hadi leo hakuna bondia mwingine wa Kenya amefika hapo. Baadaye akaingia ngumi za kulipwa huko Marekani. Julai 1994, Las Vegas, refa akasimamisha pigano lake na David Gonzales. Wangila akalalamika, alitaka kuendelea. Manze, muda si muda akazirai na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 26 tu. So ukiona refa amesimamisha pigano, usimzomee.