Sir John Hammond: Mtafiti aliyewaonyesha wafugaji nguvu ya mama katika ukubwa wa mtoto

MFUGAJI anayetafuta dume la kumpandishia farasi jike wake hukutana na swali moja gumu: dume akiwa mkubwa kuliko jike, je, jike atazaa salama? Mwenye punda hujiuliza hivyo hivyo, na pia mwenye mtamba wa asili anayetamani mbegu ya ng'ombe wa kisasa.

Kwa mfugaji, hili ni suala la fedha. Farasi hubeba mimba kwa muda wa miezi 11, mtoto hunyonya miezi sita hivi, na hawezi kufanya kazi ya maana hadi afikishe miaka mitatu au minne. Kosa la kuchagua dume linaweza kuonekana baada ya miaka mitano. Jike akifa katika kuzaa, mtaji na faida hupotea kwa siku moja.

Mtu aliyelipatia swali hili jibu la vipimo, badala ya maneno ya mnadani, ni Sir John Hammond wa Uingereza.

Mtoto wa mkulima

Hammond alizaliwa Februari 1889 katika jimbo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza, katika familia ya wakulima. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, akapigana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kisha akarudi Cambridge, ambako alifanya utafiti wa mifugo hadi alipostaafu mwaka 1954.

Wakati huo wafugaji wengi walichagua dume kwa kutazama umbo, rangi na jina la ukoo. Hammond alitaka kujua mambo yanavyokwenda ndani ya mwili wa mnyama: jike hupata joto lini, mimba hukuaje, na ni kiungo gani hukua kabla ya kingine. Mwaka 1927 alitoa kitabu kuhusu uzazi wa ng'ombe, na mwaka 1932 kingine kuhusu ukuaji wa kondoo wa nyama. Mwaka 1933 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi mashuhuri wa Uingereza.

Jitu na kibeti

Jaribio lililompa jina kwa wafugaji wa farasi alilifanya pamoja na mwenzake, Arthur Walton, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1938. Walichukua aina mbili za farasi zilizotofautiana kabisa kwa ukubwa.

Aina ya kwanza ni Shire, farasi wa kuvuta majembe na mikokoteni mizito, ambaye dume wake huweza kufikisha kilo 1,000 na zaidi. Ya pili ni Shetland, farasi mdogo wa visiwa vya kaskazini mwa Uskochi, mwenye uzito wa kilo 200 hivi na kimo cha begani kisichozidi sentimita 107. Wengi wa farasi hao wadogo walitumika kuvuta makaa ya mawe katika machimbo.

Dume la Shire lisingeweza kumpanda jike wa Shetland bila kumuumiza. Kwa hiyo watafiti hao walitumia uhimilishaji, yaani walichukua mbegu za dume na kuzipandikiza kwa jike kwa kutumia vifaa. Walifanya hivyo kwa pande zote mbili: mbegu ya Shire kwa mama Shetland, na mbegu ya Shetland kwa mama Shire.

Watoto wote walikuwa chotara wa nusu kwa nusu. Kama ukubwa wa kuzaliwa ungetegemea damu ya wazazi peke yake, wangelingana. Haikuwa hivyo. Mtoto wa mama Shire alizaliwa na uzito wa karibu mara tatu ya mtoto wa mama Shetland. Aidha, mama Shetland alizaa mtoto anayekaribiana na mtoto wa Shetland halisi, ingawa baba yake alikuwa jitu.

Tofauti hiyo ilipungua watoto walivyokua, lakini haikwisha.

Kwa nini mama ndiye mpimaji

Maelezo yake yamo katika kondo la nyuma. Kondo la farasi hujishika karibu katika eneo lote la ndani la mfuko wa uzazi. Mfuko ukiwa mdogo, kondo nalo huwa dogo, na chakula kinachomfikia mtoto hupungua.

Utafiti wa baadaye umelithibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 2002, watafiti wa Newmarket, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuhamisha viini tete vya farasi wa mbio na kuviweka katika matumbo ya farasi wadogo. Watoto hao hawakuwa na damu ya mama aliyewabeba, lakini walizaliwa wadogo kuliko kawaida yao.

Kwa mwenye farasi, mafunzo ni matatu. Kwanza, dume aliyezidi kiasi si lazima alete mtoto asiyeweza kutoka tumboni, kwa sababu mama hupunguza ukuaji. Pili, hatari ya karibu zaidi ni wakati wa kupanda, pale uzito na maumbile ya dume vinapoweza kumjeruhi jike mdogo. Tatu, anayetaka mtoto mkubwa aanze kwa kutafuta jike mkubwa. Kulipia dume kubwa kwa ajili ya jike mdogo ni kununua ukubwa ambao mama hawezi kuulea wote.

Hata hivyo, usalama haupimwi kwa ukubwa tu. Uzazi mgumu wa farasi mara nyingi husababishwa na mtoto kukaa vibaya, kwa mfano mguu au shingo ikiwa imekunjwa. Chupa ikishapasuka, mtoto hutoka kwa kawaida ndani ya nusu saa. Ukichelewa zaidi ya hapo, mwite daktari wa mifugo haraka.

Ng'ombe si farasi

Hapa ndipo wafugaji wa kwetu wanapotakiwa kuwa makini. Hammond hakuishia kwa farasi. Katika miaka ya 1950, yeye na mtafiti Joubert walilirudia jaribio hilo kwa ng'ombe wakubwa wa South Devon na wadogo wa Dexter. Nguvu ya mama ilionekana, lakini tofauti kati ya ndama wa pande mbili ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na ile ya farasi.

Kwa lugha nyepesi, tumbo la ng'ombe mdogo halimzuii ndama mkubwa kama la farasi linavyofanya. Mfugaji anayempa mtamba mdogo wa asili mbegu ya Friesian mkubwa hawezi kutegemea kuwa maumbile yatajirekebisha yenyewe. Uzazi mgumu unaweza kumgharimu ndama, maziwa ya msimu mzima na ng'ombe mwenyewe.

Mtamba asipandishwe kabla ya kufikia angalau asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa aina yake. Kwa uzazi wa kwanza, mbegu ya Jersey, au ya dume lililothibitishwa kuzalisha ndama wasiosumbua, ni salama zaidi. Mhimilishaji anapokuja na orodha ya madume, muulize kuhusu urahisi wa kuzaa kabla ya kuuliza kuhusu lita za maziwa.

Kwa mwenye punda, ambaye ni wa familia moja na farasi, mfano wa farasi ndio wa karibu zaidi: jike mwenye umbo zuri na lishe ya kutosha ana thamani kubwa kuliko dume la kukodi.

Urithi aliouacha

Hammond alikuwa miongoni mwa waliopigania uhimilishaji utoke maabara uwafikie wakulima. Mwaka 1942 kituo cha uhimilishaji wa ng'ombe kilianza kazi Cambridge. Miaka minne baadaye, mwaka 1946, kituo cha Kabete nchini Kenya kilianzishwa, na baadaye Tanzania nayo ikapata kituo chake cha taifa Usa River, Arusha. Mfugaji wa ng'ombe watatu anayepata mbegu ya dume asiloweza kulinunua ananufaika na njia hiyo.

Hammond alipewa hadhi ya Sir mwaka 1960, akafariki dunia Agosti 1964. Wanafunzi wake walitoka nchi nyingi, na kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu mifugo kilisomwa vyuoni kwa miaka mingi.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua mkoba kulipia dume, mpime jike wako: umri, uzito, nyonga na historia yake ya kuzaa. Kisha ndipo utafute dume anayemfaa.