Kutoka Ubaoni Hadi Dukani: Oginga Odinga Kabla ya Siasa

Msafiri atokaye Kisumu kuelekea Kericho huvuka mto Nyando pale Ahero, na baada ya mwendo usio mrefu hufika Awasi, soko lililojipanga kando ya barabara kuu katika uwanda wa Kano. Hapo nilikokulia, mwalimu anayeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu ili afungue duka husengenywa kuwa amepotewa na akili. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili chuoni tunaandaliwa kuwa walimu, na si wachache wanaojiuliza kimoyomoyo iwapo watadumu katika kazi hiyo. Ndiyo sababu makala haya yanamwangalia mtu ambaye kila msomaji anamjua kama mwanasiasa, ilhali kabla ya siasa alikuwa mwalimu, na baina ya ualimu na siasa alikuwa mfanyabiashara.

Jaramogi Oginga Odinga alizaliwa mnamo mwaka wa 1911 hivi huko Nyamira Kang'o, Sakwa, katika sehemu za Bondo. Alisoma Maseno, akaendelea Alliance, kisha akapata mafunzo ya ualimu Makerere. Baada ya hapo alirejea Maseno kufundisha, na hatimaye akawa mwalimu mkuu wa Shule ya Mifugo iliyokuwa huko huko. Ni vyema msomaji azingatie uzito wa cheo hicho. Katika miaka ya 1940, Waafrika wa Kenya waliokuwa wamefika Makerere walikuwa wachache mno. Mwalimu wa aina hiyo alikuwa na mshahara wa uhakika na heshima ya wazee, na wazazi walimtaja jina wanapowaasa watoto wao. Aliyekuwa nayo hayo yote hakutarajiwa kuyaweka rehani.

Aghalabu kuondoka kwake huelezwa kwa kutaja mivutano yake na wamisionari. Ni kweli kwamba hakuwa mtu wa kutii kwa ajili ya kutii. Alilitupa jina lake la ubatizo, Adonija, na wanawe Oburu na Raila walipozaliwa, wa kwanza mwaka wa 1943 na wa pili mwaka wa 1945, alishikilia wabatizwe kwa majina ya wahenga wao, jambo ambalo viongozi wa kanisa hawakulipenda. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kisa cha majina kinapendwa kwa kuwa ni kitamu kusimulia. Kilichomtoa darasani kilikuwa kizito zaidi ya hicho.

Reli ilifika ufuoni mwa ziwa mwaka wa 1901, na Kisumu ikakua kama bandari na mji wa biashara. Biashara hiyo, tangu mjini hadi kwenye vituo vidogo vya mashambani, ilishikwa kwa kiasi kikubwa na wafanyabiashara wa Kihindi, dukawala kama tulivyozoea kuwaita. Mkulima Mjaluo aliuza mazao kwa bei aliyopangiwa na akanunua nguo na sukari kwa bei aliyopangiwa. Odinga aliona kwamba elimu aliyokuwa akiitoa ilikuwa ikiwaandaa vijana kuajiriwa tu, na kwamba watu wasioweza kuendesha duka lao wangeambiwa daima kuwa hawawezi kuendesha serikali yao. Hoja hiyo hakuweza kuithibitisha kwa chaki.

Alianza kwa chama cha akiba huko Bondo, na mwaka wa 1947 kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation ikaundwa. Hapa ndipo ugumu wa kazi mpya ulipojitokeza. Mali ya wenyeji ilikuwa ng'ombe na ardhi, vitu vinavyoonekana. Sasa mtu aliyekuwa mwalimu aliwataka watoe shilingi zao na wapewe kipande cha karatasi kiitwacho hisa. Angeliwapotezea fedha hizo, asingalipoteza mtaji pekee, angalipoteza jina. Alizunguka vijijini na katika miji ya mbali walikofanya kazi Wajaluo, akieleza jambo lile lile tena na tena. Ualimu, basi, haukuachwa Maseno, ulihamia sokoni. Sheria za kikoloni nazo ziliwekea mikopo ya Waafrika mipaka, hivyo mtaji ulibidi utoke mifukoni mwa wasio na kitu.

Kampuni ilipata maduka, majengo na kiwanda cha kupiga chapa mjini Nairobi, Ramogi Press, kilichochapisha magazeti ya lugha za Kiafrika. (Kiwanda hicho kinastahili tasnifu nzima, na sijui kwa nini sisi wanafunzi wa lugha tunakipita.) Lakini tusipambe mambo. Wenyehisa hawakutajirika, na dukawala hakung'olewa. Mtaji ulikuwa mdogo, na wasimamizi wenye uzoefu walikuwa adimu. Tumezoea kuambiwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni hii ilionyesha kuwa hata mali yenye daftari huweza kupungua, ila habari hubaki.

Kwa hesabu ya faida, basi, ni vigumu kusema kwamba Odinga alifaulu. Faida aliyoipata haikuandikwa katika vitabu vya kampuni: aliwajua watu, nao wakamjua kama mtu aliyehatarisha cheo chake pamoja na shilingi zao. Katika miaka ya 1950 walimfanya Ker, yaani kiongozi, wa Luo Union. Mwaka wa 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa Baraza la Kutunga Sheria, alimshinda Beneah Apolo Ohanga, aliyekuwa waziri, katika Nyanza ya Kati. Yaliyofuata yanajulikana: umakamu wa rais mwaka wa 1964, kujiuzulu mwaka wa 1966, kuzuiliwa kuanzia mwaka wa 1969 hadi 1971, na upinzani hadi kifo chake tarehe 20 Januari 1994.

Mjini Kisumu, barabara kubwa ya maduka, yenye majengo ya kale yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, sasa inaitwa Oginga Odinga.