MZEE WA CHOGO: BRAUN NA SKRINI ILIYOISHIA KWENYE HELMETI ZA VITA

Juzi nilikuwa cafe ya mtaani kwetu, jamaa wawili wanabishana kuhusu helmeti ya rubani wa F-35, ile yenye viskrini vidogo vinavyomwekea picha mbele ya macho. Nikachomekea kwamba ukifuata ukoo wa skrini za namna hiyo unamkuta mzee mmoja wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1918. Wakanicheka sana. Haya, leo namwaga yote hapa.

Jamaa anaitwa Karl Ferdinand Braun. Alizaliwa tarehe 6 Juni 1850 mjini Fulda. Mwaka 1874, akiwa mwalimu wa sekondari huko Leipzig, aligundua kuwa kuna madini yanayopitisha umeme kwa urahisi upande mmoja tu, kazi ile ile ya daiodi. Mwalimu wa sekondari wadau! Sisi practical tulichorewa ubaoni.

Kubwa lilikuja 1897. Wakati huo ni profesa Strasbourg, mji uliokuwa chini ya Ujerumani. Alichukua chupa ndefu ya glasi iliyonyonywa hewa. Nyuma umeme unarusha elektroni, zinapita kwenye kitundu, zinagonga kibao kilichopakwa dawa ya kung'aa, kinatokea kidoti cha mwanga. Pembeni kaweka koili yenye sumaku, kwa hiyo kidoti kinacheza kufuata umeme. Basi. Ndiyo maana TV zile zilikuwa na chogo, mionzi ilihitaji nafasi ya kusafiri.

Mwenyewe alitaka tu kuuona umeme unavyopanda na kushuka. Hakuwaza TV wala vita, na hiyo chupa hakuichukulia hataza. Hapo mimi huwa naumia, maana waliokuja kuvuna ni wengine.

Mwaka 1909 akapewa Nobeli ya fizikia pamoja na Marconi, kwa kazi ya simu isiyo na waya. Halafu ona dunia: mwishoni mwa 1914, vita imeshawaka, mzee wa miaka 64 tena mgonjwa akapanda meli kwenda New York kutoa ushahidi kwenye kesi ya hataza. Kampuni ya Marconi huyo huyo ilikuwa inakibana kituo cha redio cha Wajerumani pale Sayville. Kurudi ikawa haiwezekani. Mwaka 1917 Marekani nayo ikaingia vitani, Braun akageuka raia wa nchi adui. Hawakumfunga, alikaa kwa mwanae Brooklyn, lakini nyumbani hakufika tena. Alifariki 20 Aprili 1918, vita ikiwa imebakiza miezi kama saba. Majivu yake ndiyo yaliyokuja kurudi Fulda.

Yeye vita ilimzuia, ila chupa yake ilijiunga na jeshi. Vita Kuu ya Pili waendesha rada walikodolea macho kidoti kile kile kujua ndege za adui ziko wapi. Miaka ya 1980 helikopta ya Apache ikaja na chupa ya Braun iliyopunguzwa hadi upana wa kama inchi moja, ikafungwa kwenye helmeti mbele ya jicho la kulia. Rubani akigeuza kichwa, bunduki inageuka naye. Jicho moja linaangalia skrini, lingine linaangalia nje, yaani mateso kulizoea.

Baadaye chupa ikastaafishwa. Helmeti za F-35 za mwanzo zilitumia LCD ndogo, ila taa yake ya nyuma ilikuwa inavuja mwanga wa kijani usiku, rubani anapata taabu kutua kwenye meli. Wakahamia OLED, ambayo kila nukta inajiwakia yenyewe. Ikizima ni giza tupu. Kwenye skrini hizo ndogo za OLED, eneo dogo kuliko stempu linabeba nukta zaidi ya milioni moja.

Wale jamaa wawili najua mnasoma hapa. Soda yangu iko wapi?